Lami Si ya Kwadi

Msinipe pole. Kila nikisimulia habari hii uani kwetu, mtaani La Rochelle, baada ya ibada, lazima kijana mmoja ainamishe kichwa aniambie, "Pole, Ma Stella, walikuonea." Walinionea, sikatai. Lakini pole wapeni waliofiwa. Mimi niliambiwa sogea, nikasema sisogei, na mpaka leo nimekaa na jibu langu vizuri tu, nakula na kulala.

Sasa sogezeni viti. Wengi wenu mnapeleka vyakula kwa pikipiki, mvua ya mawe ikiwapiga, simu inalia kifuani kwamba mteja ana haraka. Na nyinyi mliozaliwa hapa, mnaonisikia kwa Kiswahili mkanijibu kwa Kizulu, nijibuni mnavyotaka, mradi msikilize.

Kazi yangu ilikuwa kwadi. Ni ile pikipiki ya magurudumu manne, tairi nene zenye meno, unaikalia kama farasi na kubonyeza mafuta kwa kidole gumba. Kusini mwa jiji, nyumba zinapokwisha na vilima vya majani makavu kuanza, kulikuwa na shamba la michezo. Watu walikuja mwisho wa wiki, wakavalishwa helmeti, wakapewa kwadi, wakamfuata kiongozi kwenye njia za vumbi jekundu. Kiongozi nilikuwa mimi. Mwanamke wa Kigoma, mfupi, mwenye mafua ya vumbi yasiyokwisha.

Sikuanzia huko. Nilianzia jikoni, nikiosha nyavu za kuchomea nyama. Siku moja mwoshaji wa helmeti hakuja, nikaambiwa nizioshe mimi. Wanangu, kama hujawahi kunusa ndani ya helmeti iliyovaliwa na vichwa vya watu wasiojuana tangu asubuhi, usiniambie habari za kazi ngumu. Nilijifunza kuziosha kwa shampuu ya watoto na kuzianika kivulini, kwa sababu jua hukausha sponji ikawa ngumu kama mkate wa juzi. Na nilijifunza kwamba helmeti iliyoanguka juu ya zege kwa kishindo imeshakufa, hata kama inang'aa. Ukiipenda sana, panda maua ndani yake. Usimvishe mtu.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Ntate Moloi, fundi wetu, Msotho mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Aliniita Ausi Stella, dada Stella. Aliponiona naulizauliza juu ya mashine, hakunipa somo la kukaa. Alinitoa nje na kwadi moja, akaizima, akaiweka gia huru, akaniambia nikate usukani na kuisukuma igeuke juu ya udongo. Ikageuka, tairi za nyuma zikiburuza vumbi kidogo. Kisha akaipeleka kwenye kipande cha saruji mbele ya gereji.

"Sukuma tena. Kata kona ileile."

Nilisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Usukani ulikuwa umekata kona, lakini mashine ilitaka kwenda mbele. Nilipoilazimisha, gurudumu la ndani likaanza kunyanyuka.

"Gari lina difu," akasema. "Kwenye kona gurudumu la nje linakwenda mbio, la ndani linakwenda polepole. Hizi zetu nyuma hazina. Yote mawili yanazunguka sawasawa. Kwenye udongo tairi linateleza kidogo, mambo yanaisha. Kwenye lami tairi linashika, halitaki kuteleza. Basi ama inakataa kugeuka, ama inakulalia."

Nikamwuliza, "Ikinilalia?"

"Ni nzito kuliko mumeo," akasema, akarudi kwenye spana zake.

Kwa hiyo msidhani sheria ya kwadi barabarani ilitungwa na mtu aliyekuwa anatafuta pa kukukomoa. Sheria ya hapa inasema kwadi inayotaka kupita barabara ya umma lazima iwe imesajiliwa kwa kazi hiyo, ina namba, taa, indiketa, vioo na honi, na anayeiendesha ana leseni na helmeti. Zetu hazikuwa na vitu hivyo. Zilitengenezwa kwa mashamba na vilima, na huko zilikuwa malkia. Na kuna jambo watu hawapendi kulisikia: barabara haiishii pale lami inapoishia. Ule ukingo wa majani mpaka kwenye uzio wa jirani, nao ni barabara. Wangapi wamenibishia hilo! "Mama, mimi napita pembeni tu." Pembeni ya nini?

Wateja nao walikuwa shule. Walikuja vijana wa Kenya wanaofanya kazi benki, wachangamfu, mashati yao meupe kabisa, na rangi hiyo niliwaonya waisahau. Mmoja wao alikataa helmeti. Alikuwa ametoka kunyolewa kwa heshima zote.

"Mama, naenda polepole tu. Na sisi ni wateja."

"Karibu sana," nikamwambia, nikachomoa ufunguo wa kwadi yake na kuutia mfukoni. "Mteja anakaa pale kwenye benchi. Soda ni baridi."

Wenzake walicheka mpaka akaivaa. Mchana kwadi ilimtupa kwenye mtaro. Akatoka na tope mpaka kwenye meno, helmeti ina mkwaruzo mrefu pale ambapo lingekuwa sikio lake. Alinisalimia kwa mikono miwili wakati wa kuondoka.

Mchungaji mmoja naye aliomba kabla ya kuwasha, sala ndefu, sote tumefumba macho. Tulipofumbua alishabonyeza mafuta na kupita kwenye uzio wa kuku. Nilimtoa manyoya kwenye kola huku akiniuliza kama breki ni ya mkono au ya mguu. Nikamjibu, "Baba, swali hilo linakuja kabla ya amina."

Nacheka, lakini nawaambia mnielewe: kumkatalia mtu kwa ajili ya uhai wake nilikwisha kuzoea. Nilikuwa nimewakatalia wenye magari makubwa, wenye sauti kubwa, wenye watoto wanaolia. Kumkatalia bosi lilikuwa jambo lingine.

Bosi wetu alikuwa Bwana Riaan. Hakuwa mtu mbaya wa kuzaliwa. Alituletea matunda, alijua majina ya watoto wetu. Lakini alikuwa na haraka. Ng'ambo ya barabara ya lami kulikuwa na shamba lenye bwawa na miti mizuri ya kivuli, na akalinunua. Alitaka wageni wazunguke vilima kwetu, kisha wahamie bwawani kuchoma nyama na kuendelea na michezo. Lango la kule halikutazamana na letu. Ulipaswa kutoka, kwenda na lami kwa kitambo mteremkoni, halafu ukate kona kali kuingia. Na ile barabara ilikuwa ya malori ya mchanga. Yalikuja kutoka machimboni yamejaa, na yalikuwa na mteremko mgongoni.

Alituita gereji asubuhi, mimi na mwenzangu Dieudonné. Huyu alikuwa kiongozi wa pili, kijana wa Uvira, mpole, anayeimba kila anapofanya kazi. Kwetu na kwao ni ziwa moja, wao upande ule, sisi upande huu, kwa hiyo tuliitana watu wa ng'ambo na kugombana kila siku juu ya nani anajua kupika migebuka, samaki wa ziwa lile.

"Kuanzia Jumamosi mtawavusha wageni," Bwana Riaan akasema. "Mnapita pembeni kwenye majani, mnaingia. Ni dakika mbili."

"Zile kwadi haziruhusiwi barabarani, bwana," nikasema. "Na ile kona ni ya lami."

"Stella, najua. Lakini huku hakuna askari."

"Askari simwogopi. Naliogopa lori."

Ntate Moloi alikuwa amestaafu wakati huo, amerudi kwao. Nilitamani awepo. Hakuwepo, basi nikasema mwenyewe: "Tuna trela. Nitazipakia kwadi kwenye trela, pikapu itavuta, wageni watatembea kwa miguu ndani ya shamba mpaka mkabala wa lango lile, tutawavusha pamoja. Hakuna injini ya kwadi itakayowaka barabarani mimi nikiwa hapa."

Akakunja uso, lakini akakubali, kwa sababu Jumamosi ilikuwa karibu na hakuwa na kiongozi mwingine.

Tukafanya hivyo. Ilikuwa kazi. Kwadi hupandishwa kwa ubao, unaifunga kwa mikanda mbele na nyuma, unaivuta mpaka tairi zibonyee kidogo, ama sivyo inacheza njiani. Wageni walivuka lami kwa mstari mmoja, helmeti kichwani, mimi mbele na fulana nyekundu mkononi. Wengine waliimba. Madereva wa malori wakatuzoea, wakawa wanapunguza mwendo na kutupungia.

Bwana Riaan aliona tunachelewesha nyama. "Umegeuza biashara yangu kuwa maandamano," akaniambia.

"Maandamano yanayorudi yote nyumbani," nikamjibu.

Halafu ikaja siku ya wageni wa kampuni moja kubwa, watu wengi. Bwana Riaan alitaka wakifika wazikute kwadi zimepangwa bwawani, zinang'aa. Mvua ya jana yake ilikuwa imeharibu ratiba, trela imekwenda safari moja tu, na mabasi yalikuwa njiani. Akaja gereji anatembea haraka.

"Acheni trela. Ziendesheni. Hakuna wageni juu yake, kwa hiyo hakuna tatizo."

Funguo nilikuwa nazo mimi, nimezifunga kiunoni. Niliweka mkono juu yake. "Hapana, bwana."

Hakunibishia. Aliingia ofisini akatoka na funguo za akiba, akampa Dieudonné. "Wewe utaendesha?"

Dieudonné aliniangalia. Nilimwambia kwa Kiswahili, "Usiende."

"Ma Stella," akasema kwa sauti ndogo, "mi niko na bibi na mutoto. Nikikatala, patron atanifukuza." Kwao bibi ni mke. Mtoto alikuwa bado ananyonya.

"Ukifukuzwa utakuja kula kwangu."

Alitabasamu, akaziwasha kwadi zote zipate moto, akavaa helmeti, akatoka na ya kwanza. Simlaumu, na msimlaumu nyinyi. Kila mtu hukataa kwa kipimo cha mzigo alionao. Nilitembea nyuma yake mpaka langoni, nimeinua fulana nyekundu, nikidhani nitaweza kulisimamisha hata gari moshi.

Alipita kwenye majani vizuri. Alipofika mkabala wa lango la pili akapanda lami ili akate kona. Nikaona usukani unageuka, na kwadi haigeuki. Alikata zaidi. Tairi zilishika lami, gurudumu la ndani likanyanyuka, ikamlalia. Ilimlalia mguu, injini bado inanguruma, na juu ya mteremko lori lilikuwa limetokea.

Nilikimbia katikati ya barabara nikiinua fulana kwa mikono yote miwili. Sijui nilipiga kelele kwa lugha gani. Dereva wa lori alikanyaga breki, tairi zikalia, mchanga ukamwagika juu ya kichwa cha gari, na lori likasimama pale ambapo ningeweza kuligusa. Dereva alishuka mbio. Tuliiinua ile kwadi pamoja, yeye na mimi. Mguu wa Dieudonné ulikuwa umevunjika chini ya goti. Alikuwa anasema jina la mtoto wake, analirudia.

Gari la wagonjwa lilipomchukua, askari wa trafiki alikuwa amefika. Mwanamke wa makamo, mtulivu. Aliuliza nini kimetokea. Bwana Riaan akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Sielewi alikwenda kufanya nini barabarani. Nimewakataza wafanyakazi wote kutoa kwadi nje. Ni ukaidi wake tu."

Nilimwangalia. Ile rangi nyeupe ya uso wake ilikuwa ya hofu, nadhani neno lile hakulipanga. Lakini alilisema. Kijana alikuwa bado hajafika hospitali, na tayari alikuwa amefanywa mwenye makosa.

Akanisogelea, akaniambia chini chini, "Stella, fikiria. Kibali chako cha kazi kina jina langu."

Hapo ndipo mahali pangu, wanangu. Pale ndipo niliposimama. Lami ilikuwa na joto, mchanga ulikuwa bado unadondoka kutoka kwenye lori, na mimi nilikuwa mgeni katika nchi ya watu.

"Dada," nikamwambia askari, "huyu bwana alimpa funguo kwa mkono wake. Mimi nilikataa kwenda, mbele yake. Yule kijana aliogopa kufukuzwa. Andika hivyo, na uandike jina langu."

Bwana Riaan akasema, "Kazi yako imekwisha."

"Vizuri," nikasema. "Lakini kwanza nizime zile kwadi pale gereji, zinapoteza mafuta."

Nilizizima kweli. Nikafungua funguo kiunoni, nikaziweka mezani, nikatembea kwa miguu mpaka kituo cha teksi. Huko njiani ndiko nilikolia. Langoni hawakuniona nikilia.

Nikafungua kesi ya kazi kwa kufukuzwa, na ilichukua muda. Nilikaa bila ajira, nikisuka nywele Malvern kwenye saluni ya mama mmoja wa Lubumbashi, vidole vyangu vikubwa vinawaumiza wateja. "Ma Stella, unafunga nywele ama unafunga trela?" wakawa wananiuliza. Dieudonné akiwa hospitali, mkewe na mtoto walikuja kukaa na mimi na mume wangu, chumba kimoja, pazia katikati. Kila siku kuna aliyekuja kunishauri nimwombe bosi radhi. Majirani, watu wa kanisa, hata kaka yangu kwa simu kutoka Kigoma. "Dunia hii unainama unapita," akaniambia. Nikamjibu kwamba mgongo wangu umekwisha kuinama vya kutosha kwenye mashine.

Siku ya kusikilizwa, mwanasheria wa Bwana Riaan alivaa vizuri na kuuliza vizuri. "Je, ni kweli ulikataa amri halali ya mwajiri wako?"

"Nilikataa amri. Hilo la halali sijalikubali."

"Na ukirudishwa kazini, akikupa amri ileile?"

"Nitakataa tena. Na kesho yake pia."

Nilimwona msuluhishi anainamisha uso kuficha tabasamu. Dereva wa lori alikuja bila kuitwa mara ya pili, akasema alichoona, pamoja na zile Jumamosi zote tulizovusha watu kwa miguu. Uamuzi ukatoka: nirudishwe kazini, na Dieudonné atambuliwe kwamba aliumia akitekeleza agizo. Kwa uamuzi huo alilipiwa matibabu na haki zake. Mguu ulipona kwa kuchechemea. Leo ana meza ya kutengeneza simu kwenye Mtaa wa Jules, na bado anaimba, na bado anadanganya kwamba Uvira wanajua kupika migebuka.

Mimi nilirudi. Watu walidhani nitachukua uamuzi ule nikautundike ukutani na kutafuta kwingine. Kwa nini? Kazi ile niliipenda. Nilirudi siku ya kwanza nimevaa buti zangu zilezile, nikamkuta Bwana Riaan gereji.

"Good morning, Stella."

"Good morning, bwana. Trela iko wapi?"

Alikuwa ameuza ile ya zamani, amenunua ndefu zaidi. Hatukuwa marafiki tena, na hakuna aliyeomba msamaha. Tulifanya kazi pamoja mpaka magoti yangu yalipokataa, na katika miaka hiyo yote hakuna kwadi iliyogusa lami ikiwa imewashwa. Siku ninastaafu alinipa mkono. Nilimpa wangu. Haukuwa na joto, wala haukuwa baridi.

Nilidhani nimemaliza habari za barabara. Wiki chache zilizopita akaja Gloria, binti wa Dieudonné, yule aliyekuwa ananyonya. Sasa anapeleka vyakula kwa pikipiki ya kampuni moja ndogo. Alikaa jikoni kwangu, amechoka. Taa ya mbele ya pikipiki yake imekufa, breki ya nyuma inashika inapotaka, na meneja amemwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi.

"Bibi, wewe ulipokataa, ulijua utashinda kesi?"

"Sikujua."

"Ulijua utapata pa kula?"

"Hilo nalo sikulijua."

"Sasa ulikataaje? Hukuogopa?"

Nilifikiri kidogo, kwa sababu mtoto yule hastahili kudanganywa. "Niliogopa sana," nikamwambia. "Ila nilisema hapana kwanza, halafu ndio nikaanza kuogopa."

Akaosha kikombe chake, akaniaga, akaondoka.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa sita mchana, nilisikia mlango unagongwa. Alikuwa Gloria, helmeti mkononi, viatu vina vumbi. Pikipiki ameiacha mlangoni kwa meneja na funguo juu ya kiti, akatembea kutoka Turffontein kwa miguu. Alijaribu kufungua zipu ya koti, ikamshinda.

"Bibi, nimesema hapana. Eish, naogopa."

"Najua," nikamwambia, nikamfungulia zipu mimi. "Kaa. Chai iko jikoni, na mchana huu tunakula wote."